Manuva ya Kitwitwi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama wenye njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani za kale, wanyama wakisema kama sisi, ndege Kitwitwi aliishi mchangani kando ya mto. Hutaga chini huyu, hana mti wala tundu. Alikuwa na kinda mmoja tu, Tutu, asiyejua kuruka bado.

Adui akitokea, Kitwitwi humwambia Tutu, "Lala, mwanangu. Usitikisike mpaka nikuite." Kisha hukimbilia upande mwingine akiburuta bawa, pururu, pururu, huku akilia, "Twii! Nimevunjika!" Adui humfuata, humfuata. Wakishafika mbali na Tutu, mama huruka, fyuu! Ndivyo alivyofanya mama yake, na bibi yake.

Siku moja Kasuku akarudi kutoka mjini, maneno mapya yamemjaa mdomoni. Akamwona Kitwitwi akiburuta bawa.

"Lo, dada! Mjini hiyo inaitwa manuva!"

"Manuva?"

"Manuva! Mwendo wa wajanja!"

Basi Kitwitwi kichwa kikamvimba. Kila jioni akawaita Swala, Kobe na Tumbili. "Njooni muone manuva!" Pururu, pururu, fyuu! Wakapiga makofi. "Rudia!" Akarudia.

"Na siri yake, mama?" akauliza Nguchiro, aliyekaa nyuma kabisa.

"Siri? Nikienda huku, mtoto yuko kule!"

Wakacheka. Hata Kitwitwi mwenyewe alicheka, maskini. Nguchiro peke yake aligeuka kutazama kule.

Asubuhi Nguchiro akaja mtoni.

"Lala, mwanangu. Usitikisike." Pururu, pururu. "Twii! Nimevunjika!"

Nguchiro akamtazama. Akageuka. Akaenda kule.

"Huku! Mimi niko huku!" Akamrukia, akamdonoa usoni. Nguchiro hakujali.

Tutu alimsikia akija, chaka chaka mchangani. Miguu ya kukimbia alikuwa nayo. Lakini hakuwa ameitwa. Alilala, hakutikisika, kama alivyoambiwa na mama.

Jioni wanyama wakaja kutazama manuva. Wakamkuta Kitwitwi anazunguka mchangani. "Tutu, njoo! Inuka sasa, mwanangu, nimekuita!" Hakuna aliyepiga makofi.

Sikilizeni, wakubwa kwa wadogo. Kinachomlinda mtoto wako usikigeuze kuwa ngoma ya kutazamwa.

Hadithi yangu imeishia hapo, mchangani. Ukipita mtoni ukasikia twii, twii, ndiye huyo. Bado anaita.