Binti Pimbi na Kumbukumbu za Kikao

Kale hiyo, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, vyeo na vikao kama sisi, siku ya Jumanne, tarehe kumi na nne ya Mfunguo Tano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Bi Pimbi alitoka na kibuyu chake kwenda kuteka maji. Hakurudi.

Naitaja saa kwa sababu binti yake aliishika. Aliyefiwa huishika saa. Majirani walisema "siku ile," lakini yeye alisema saa kumi na mbili na nusu, jua limeanza kuligusa jabali la nyumba yao, na uji bado haujachemka.

Nitawaeleza ilivyokuwa. Katika Bonde la Matete palikuwa na mto mmoja na mahali pawili pa kuteka. Pa kwanza paliitwa Kivukoni. Maji yake yalikuwa ya magotini, na ukitazama unaziona hata kokoto za chini. Pa pili paliitwa Gengeni. Maji yake yalikuwa meusi, ukingo wake utelezi, na chini ya ukingo alilala Mamba.

Sheria ilisema kwamba mnyama asiyefika goti la Nyati asikanyage Kivukoni. Ilitungwa kwa huruma, ati wadogo wasije wakakanyagwa na wakubwa. Basi wadogo wakaepushwa na miguu, wakapelekwa kwenye meno.

Bi Pimbi alilipeleka jambo hilo mbele ya Baraza la Bonde mara tatu. Mwenyekiti alikuwa Bwana Kifaru, mwenye nguvu nyingi na macho hafifu, wala hakuwa na roho mbaya. Katibu alikuwa Bwana Fisi. Kila mara Fisi aliliandika jambo la Bi Pimbi mwisho kabisa wa ajenda, chini ya neno "Mengineyo." Na katika baraza lile Mengineyo hayakufikiwa hata siku moja, kwa sababu chakula kiliiva kabla. Mwenyekiti alisema yataangaliwa kikao kijacho, inshallah, na wajumbe wote wakainuka kwenda kunawa.

Baada ya msiba walikuja wote kutoa pole. Kifaru alilia machozi ya kweli. Fisi akasema kazi ya Mungu haina makosa. Binti Pimbi akaitikia, maana ni kweli, kazi ya Mungu haina makosa. Lakini moyoni alijiuliza, na kazi ya Baraza je?

Alikuwa na wadogo zake wawili, na sasa kibuyu kilikuwa chake. Kila asubuhi alikwenda Gengeni akisoma dua njia nzima, na kila asubuhi wadogo zake walisimama mlangoni, hawali wala hawachezi, mpaka wamwone anarudi.

Ikafika Juma la Vijana. Hiyo ilikuwa desturi ya bonde lile. Mara moja kwa mwaka, mvua zikiisha, wazee waliondoka kwenye viti vyao kwa siku saba na vijana wakavikalia. Mwalimu wao alikuwa Bi Kanga. Yeye alisema uongozi haufundishwi kwa kuambiwa, hufundishwa kwa kuongoza. Basi vijana walipiga kura, wakabishana, wakatunga sheria, wakapanga hata zamu ya kufagia uwanja. Wazee walilipenda sana juma lile, kwa sababu walipata kulala. Siku ya saba wazee walirudi, vijana wakakabidhi maazimio yao, na maazimio yakawekwa, mnajua wapi? Chini ya Mengineyo.

Jumatatu wakagombea vyeo. Watoto wa wakubwa wakavirukia vile vikubwa. Ndama wa Kifaru akawa mwenyekiti kwa wingi wa kelele. Mtoto wa Fisi akawa msimamizi wa chakula, bila kupingwa. Ukatibu haukuwa na mtu, maana katibu huandika wakati wenzake wanapiga soga. Binti Pimbi akanyoosha mkono.

Ndama akacheka mpaka pembe yake ndogo ikatikisika. "Wewe dada, kalamu yenyewe ni ndefu kuliko wewe."

"Nitaipanda, Mwenyekiti," akasema Binti Pimbi. "Nikiwa juu yake nitakuona vizuri."

Wakacheka wote, akapewa. Wakati huo waliandika kwa tete juu ya bamba la udongo, na muhuri wa Baraza ulikuwa ni mguu wa mwenyekiti.

Siku ile ile Binti Pimbi alitambua jambo ambalo mama yake hakupata kuambiwa na mtu: anayeandika ajenda ndiye anayeamua lipi litafikiwa kabla ya chakula. Jumanne wenzake walipoketi, wakakuta ajenda ya kwanza ni Kivukoni.

Ndama alisema hilo ni jambo dogo. Maji ni maji, akasema, na watu wa majabalini wanadeka. Binti Pimbi hakubishana naye. Alimgeukia Bi Kanga, akamwuliza kwa upole kama ni kweli kanuni ya Juma inamtaka mwenye kusimamia sheria aijaribu kwanza kwa miguu yake mwenyewe. Bi Kanga akasema ni kweli, na kwamba hiyo ndiyo maana ya Juma lenyewe.

"Basi tuna bahati, mwenyekiti wetu ni shujaa," akasema Binti Pimbi. "Kesho alfajiri atatutekea maji Gengeni. Au kibuyu kitamlemea?"

"Nipe viwili," akasema Ndama.

Jumatano, kabla jua halijachomoza, Ndama akashuka Gengeni na vibuyu viwili shingoni. Aliinama. Maji yalikuwa kimya. Kisha, chubwi, likatokea jicho moja. Kisha la pili, mbali sana na lile la kwanza. Ndama hakungoja kujua kilichokuwa kati ya macho yale na mkia. Puru, puru, puru, alikimbia mpaka uwanjani, na vibuyu akaviacha kwa mwenyewe Mamba.

Wenzake walimtania mpaka adhuhuri. Baadaye akaenda kukaa karibu na Binti Pimbi, akauliza kwa sauti ya chini.

"Mama yako alikuwa akishuka pale kila siku?"

"Kila siku."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Alasiri ile azimio likapita bila mkono hata mmoja wa kulipinga. Tangu alfajiri mpaka jua lipande, Kivukoni ni pa wadogo. Jua likishapanda, ni pa wakubwa. Kwa hiyo hapana atakayekanyagwa, na hapana atakayeshuka Gengeni tena. Mtoto wa Fisi alikuwa anatafuna kitu, lakini naye aliunyoosha mkono.

Vijana wakashangilia. Binti Pimbi peke yake hakushangilia. Alijua azimio hilo litafikishwa wapi Jumapili.

Jumamosi akamfuata Bi Kanga, akamwuliza kama kikao cha Jumapili, ambapo wazee watarudi, ni kikao kipya au ni cha saba cha Juma lile lile. Bi Kanga aliinamisha kichwa upande, akamtazama kwa jicho moja kama walivyo kanga wote.

"Unauliza kama mwanafunzi?"

"Nauliza kama katibu, Mwalimu."

Basi Bi Kanga akamjibu. Kikao ni cha saba. Katibu ni yule yule mpaka dua ya kufunga. Na ajenda ya pili, baada ya dua ya kufungua, ni kusoma kumbukumbu za siku sita zilizopita na kuzithibitisha. Lililomo ndani ya kumbukumbu zilizothibitishwa, mwenyekiti akaliwekea mguu, ni sheria ya bonde, na haliondoki ila kwa kikao cha mwaka unaofuata. Ila makatibu wa miaka iliyopita waliandika mahudhurio tu, na maazimio wakamkabidhi Bwana Fisi kando.

Binti Pimbi akashukuru. Akaenda moja kwa moja kwa Bi Ngiri, mpishi wa Baraza, akamsaidia kumenya magimbi na kupanga kuni. Akamwomba jambo moja tu: kesho auwashe moto mapema, kwa muda wa saa mbili kabla ya desturi. Bi Ngiri hakuuliza sababu. Alikuwa shoga wa marehemu.

Jumapili wazee wakaja, wamenenepa kwa usingizi. Bwana Kifaru akakaa kwenye kiti chake, Bwana Fisi kando yake. Dua ikasomwa. Binti Pimbi akapanda juu ya jiwe, bamba la udongo mbichi mbele yake, akaanza kusoma.

Alisoma pole pole, kwa sauti ya kusikika, wala hakuruka neno. Alisoma mahudhurio ya Jumatatu. Alisoma udhuru wa Kindi aliyeumwa jino. Na alipofika zamu za kufagia, upepo ukaja kutoka jikoni, na ndani ya upepo mlikuwa na magimbi ya kuchoma na supu ya mifupa.

Pua ya Fisi ikaamka. Nfu, nfu. Akajigeuza huku, akajigeuza kule.

Binti Pimbi akafika Jumatano. Akasoma habari ya Gengeni na ya Kivukoni, tangu alfajiri mpaka jua lipande, kila neno kama lilivyopitishwa. Kisha akanyamaza. Aliwapa nafasi yao, wanangu. Hakutaka kuiba haki ya mtu, hata ya waliomkosea.

"Wajumbe, mmelisikia hilo?"

"Tumesikia, tumesikia," akasema Fisi, macho yako jikoni. "Endelea, mwanangu, na usikae sana."

Akaendelea. Alhamisi. Ijumaa. Supu ikaanza kutokota, tokoto, tokoto, na tumbo la Bwana Kifaru likaijibu. Hapo Fisi akasimama akasema anapendekeza kumbukumbu zithibitishwe kama zilivyo. Sauti saba zikamwunga mkono kwa pamoja. Mwenyekiti akauliza kama kuna marekebisho. Hakukuwa na marekebisho. Bwana Kifaru akainua mguu wake mkubwa, akauteremsha juu ya bamba. Dii!

Yaliyobaki kwenye ajenda wakayasukuma mpaka kikao kijacho, wakaenda kunawa.

Kesho yake, Jumatatu alfajiri, Binti Pimbi aliwashika mkono wadogo zake wawili, akatangulia. Nyuma yao wakafuata nguchiro, sungura, paa na vindi, kila mmoja na kibuyu. Hawakwenda Gengeni. Walishuka Kivukoni.

Fisi alikuwa wa kwanza kuwaona. Akasimama katikati ya njia, manyoya yamemsimama. Akasema wamevunja sheria, wamedharau Baraza, na kwamba watoto wakipewa viti siku saba huota mapembe. Wadogo wakarudi nyuma. Binti Pimbi hakurudi.

Bwana Kifaru akaja kwa kelele zile, ndama wake ubavuni. Fisi akamwambia kwamba mtoto wa Bi Pimbi amewadanganya wazee. Binti Pimbi akaliweka lile bamba chini, mbele ya pua ya Mwenyekiti, akamwomba aangalie.

Macho ya Kifaru yalikuwa hafifu, nimewaambia. Basi akainama, akanusa alama. Akauweka mguu wake ndani yake taratibu. Ukaingia kamili, vidole vyote vitatu.

"Mguu ni wangu," akasema.

"Lakini hatukujua kilichoandikwa," akasema Fisi.

"Nilikisoma," akasema Binti Pimbi. "Nikauliza kama mmesikia. Wewe, mzee wangu, ndiye uliyenijibu."

Fisi akainama, akalinusa bamba naye.

Kifaru akamgeukia Binti Pimbi. Hakuwa na hasira. Alikuwa na haya, na haya ya mkubwa ni nzito kuitazama.

"Mwanangu, kwa nini hukunijia nyumbani ukaniambia? Kwa nini ukanizunguka?"

"Mama alikuambia mara tatu, Bwana Mwenyekiti. Mara tatu, mbele ya watu."

Mto ukapita. Ndama akasogea akaegemeza shavu lake kwenye mguu wa baba yake. "Baba," akasema, "mimi nilikwenda Gengeni. Nilikwenda siku moja tu."

Kifaru aliishusha tena pua yake juu ya alama ya mguu wake. Mwisho akasema lile alilokuwa nalo.

"Nilikuwa na njaa," akasema. "Kila ilipofika zamu yake, nilikuwa na njaa."

Kisha akamwambia Fisi apishe njia. Fisi akapisha. Na Bwana Kifaru mwenyewe akakaa pembeni, juu ya nyasi, akangoja jua lipande, huku wadogo wakishuka mmoja mmoja kwenye maji yale ya magotini, wakijaza vibuyu vyao bila haraka. Wadogo wawili wa Binti Pimbi walikunywa mpaka wakashikwa na kwikwi, na dada yao akawaacha wanywe.

Aliyekubali bila kusikiliza, wanangu, amekubali.

Sasa inueni mikono. Ewe Mola Mwenye kurehemu, mrehemu mama aliyetoka asubuhi asirudi, na wazazi wetu wote waliotutangulia. Wasamehe walipokosea, wapanulie makaburi yao, uyatie nuru, nasi siku yetu ikifika utukutanishe nao penye salama. Amin.