Mashavu ya Mama Perege

— Bwawa!
— Maji tele!
— Na ndani?
— Kuna mambo!
— Basi jongeeni, mambo yenyewe ni haya.

Mama Perege aliishi katika bwawa la samaki la Bi Tunsume. Alitaga mayai, akayazoa yote, akayaficha mdomoni. Yakaanguliwa humo humo: watoto arobaini, wadogo kama punje za mchele. Siku kumi hakula. Angekulaje? Angemeza tonge, angemeza na mtoto.

Bwawani humo Kambale aliingia na mafuriko, bila kualikwa. Kichwa kama sahani, sharubu nne huku, nne kule. Vifaranga vya wenzake alivila kwa mafungu.

Asubuhi moja, buruu, buruu, kaja.

"Hujambo, shemeji?"

Kimya. Akijibu, watoto watatoka.

"Shemeji, hujambo?"

Kimya.

"Hee! Perege huyu hana adabu! Mara ya tatu hii: hujambo?"

Kimya. Mashavuni watoto wanacheza, tuku, tuku, tuku.

Kambale akakodoa macho. "Kumbe unatafuna! Nini hicho, pumba?"

Mama Perege akainamisha kichwa: ndiyo.

"Umeipata wapi?"

Akaonyesha kwa mkia, kule maji yanakoingilia, chururu, chururu. Pale Bi Tunsume alitega mgono, mtego wa fito wenye njia ya kuingia tu, ndani kaweka bonge la pumba. Siku zote Kambale aliupitia mbali.

"Mgononi? Mimi si mjinga, shemeji. Mle hatoki mtu!"

Mama Perege akawageuza watoto polepole, huku na huku, kama anayetafuna kitu kitamu.

Kambale akameza mate. "Wewe uliingia, ukatoka?"

Kichwa chini: ndiyo.

"Na hukuniambia! Mchoyo we!"

Buruuu! Akazama mzimamzima. Fito zikamfungia nyuma, kacha!

"Shemeji! Nitoe, shemeji!"

Mama Perege akapanua mdomo. Prrr! Watoto arobaini wakamwagika, wakacheza mbele ya sharubu nane. Ndipo akajibu:

"Sijambo, shemeji. Sijambo. Sijambo. Salamu zako tatu nimezirudisha. Na wewe, hujambo?"

Kisha akala, siku kumi kwa mlo mmoja.

Kwa hiyo, watoto wazuri, mkisalimiwa itikieni upesi. Mama Perege hakuitikia, na hasara aliyoipata mmeiona wenyewe.

— Bwawa!
— Maji tele!
— Na ndani?
— Kambale hayumo!