Lango la Maji la Alhamisi

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu wao na waliowafunza, kwamba katika ardhi ya Iraki palikuwa na mji ambao watu wake walikunywa maji ya visima vya chumvi tangu enzi za mababu. Akaja wali mpya kuutawala mji, akaamuru ujengwe mfereji wa mawe kuleta maji matamu. Kila mtaa ukapata birika lake, na sokoni pakajengwa bafu na vyoo vya watu wote, wenyeji na wageni. Siku maji yalipofika, wanawake walipiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka.

Mmoja tu hakupiga kigelegele. Huyo ni Bibi Lubaba binti Hazim, mwosha maiti wa mtaa wa watengeneza ngozi, mja wa Mwenyezi Mungu, mwingi wa swaumu, ila mgumu wa kusadiki. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, naye alimwendea mpiga mbiu mwenyewe akamuuliza, "Mfereji huu umepita katika ardhi ya nani, na chemchemi ilikuwa ya nani?"

Mpiga mbiu akacheka. "Kunywa maji, mama."

Jibu hilo likamkaa Bibi Lubaba kooni kama mwiba wa samaki. Wali alijulikana kuwa mtu wa kuchukua, na mtu wa kuchukua akianza kugawa, mwenye akili hujiuliza amechukua wapi. Basi akaendelea kuteka kwenye kisima cha kale, mgongo ukimuuma, na kila alipoitwa kuosha maiti alikwenda na mitungi yake. Walipomcheka alisema, "Aliye hai anaweza kuyakataa maji ya haramu. Maiti hawezi. Mimi ndiye wa kumkatalia."

Haya, sasa sikilizeni. Mwangalizi wa mfereji aliitwa Zurara, mtu mkimya, mwenye kanzu ya viraka. Nyumba ya Bibi Lubaba ilikuwa ukingoni mwa mji, karibu na lango la maji. Alhamisi moja, baada ya adhuhuri, mji mzima ukiwa katika usingizi wa kailula, alikuwa akianika sanda uani. Akamwona Zurara anakuja, anatazama nyuma, anatazama tena. Akalishusha lango kuu, maji ya mji yakakatika, kisha akafungua kilango cha kando. Maji yakageuka, yakaenda zake nyuma ya kilima. Ilipoingia alasiri akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa.

Alhamisi iliyofuata, vivyo hivyo, na nyingine tena. Upande ule wa kilima palikuwa na bustani ya makomamanga ya wali. Bibi Lubaba akasema moyoni, "Ahaa! Kumbe." Tangu siku hiyo kila alichofanya Zurara kikawa ushahidi. Akimsalimu, anataka kumziba mdomo. Asipomsalimu, ni haya za mwizi. Hata viraka vya kanzu akaviona ni hila. Laa ilaha illa Llah! Moyo ukishaingiwa na dhana, ndugu zangu, hauli kitu kingine.

Lakini hakumwambia mtu. Watu waligundua wenyewe kwamba mabirika hukauka kila Alhamisi, minong'ono ikaenea, na Zurara akashitakiwa kwa Kadhi kwamba anauza maji ya umma. Adhabu yake ilikuwa viboko sokoni, kisha kufukuzwa mjini. Kadhi akataka mtu aliyeona kwa macho yake, na wote wakasema, "Bibi Lubaba. Ua wake unatazamana na lango, na huyo hasemi uongo."

Asubuhi ya kesi, jirani yake Ummu Dawsi alikuja kumsindikiza. "Wee Lubaba, leo usimung'unye maneno. Sema anauza, yaishe."

"Sikumwona akiuza."

"Ulitaka akuite uhesabu dirhamu? Lisemwalo lipo, dada yangu, na kama halipo laja. Nani hajui?"

Naye Bibi Lubaba, nisiwafiche, alikuwa anaamini kila neno. Njia nzima alijiambia kwamba kusema "anauza" si uongo, ni kufupisha maneno tu.

Barazani watu walijaa mpaka vizingitini. Kadhi akamwuliza Zurara, "Maji ya Alhamisi unayapeleka wapi?" Zurara akainamisha kichwa. "Mwenyezi Mungu anajua." Watu wakaguna, na moyo wa Bibi Lubaba ukapiga kelele: mwizi huyo! Kisha Bibi Lubaba akaapishwa.

"Umeona nini?"

"Nimemwona akifunga lango kuu na kufungua la kando, mchana wa Alhamisi, mara nyingi."

"Je, anauza?"

Ummu Dawsi akamtolea macho. Neno moja tu, na ulimi hauna mfupa. Bibi Lubaba akamtazama Zurara, akauona mgongo wake ndani ya ile kanzu, akaogopa.

"Ewe Kadhi, nafsi yangu inasema anauza. Macho yangu hayakuona. Nami sikuapa kwa nafsi yangu, nimeapa kwa Mwenyezi Mungu."

Wakamzomea. Kadhi akawanyamazisha, akavaa viatu. "Basi twendeni tuyafuate maji."

Zurara akaamriwa afungue kilango kama kawaida yake. Maji yakatoka, na watu nyuma yake. Yalipoukaribia ukuta wa bustani ya wali, Ummu Dawsi akasema, "Si mnaona!" Lakini maji yakaupita ukuta, yakashuka bondeni, yakaingia katika kishamba cha mitende iliyonyauka. Mwanamke aliyekuwa akipalilia na wanawe alipomwona Kadhi alitupa jembe, akaja mbio.

"Msimdhuru! Chemchemi ya mfereji wenu aliiacha baba yao hawa mayatima. Mafundi wa wali waliichukua, wakatuahidi fidia, hatukuona kitu. Wali akakataza tusipewe hata tone. Huyu ndiye pekee aliyetuonea huruma, anatupa sehemu yetu."

Kadhi akamgeukia Zurara. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema barazani, wali angejua kabla sijafika nyumbani, na kilango kingezibwa kwa mawe. Viboko hupona, ewe Kadhi. Mtende ukikauka haufufuki."

Kadhi akahukumu palepale, mbele ya umati, kwamba haki ya mayatima itangulie, kisha mji unywe. Wali alipoona mji mzima umeshuhudia, alikubali, apende asipende.

Bibi Lubaba alikuwa amesimama kando. Mwaka mzima alikuwa akihofia maji ya dhuluma, na kile alichokihesabu wizi ndicho kilichokuwa kikiyatakasa. Akamwendea Zurara analia.

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Kwa lipi, mama? Ushahidi wako ndio ulioniokoa."

"Ulimi wangu ulikuokoa. Moyo wangu ulikwisha kukuhukumu tangu zamani."

Zurara akasema, "Nimekusamehe. Lakini nilikuwa nikikuona uani kwako, mama, nami najua u mcha Mungu. Nilikuwa na hofu, sina wa kumwambia. Kila Alhamisi nilikuwa nikiomba: leo atatoka, ataniuliza."

Enyi waumini, Bibi Lubaba aliuchunga ulimi wake, na hilo ni jambo kubwa, kwani wangapi kati yetu wangeuzuia? Hata hivyo, wasimulizi wanasema kwamba hadi anakufa, akitajiwa Zurara, alikuwa hawazi viboko alivyomwepusha navyo. Alikuwa akiziwaza zile Alhamisi. Mwenyezi Mungu atupe ulimi usioshuhudia isipokuwa yakini, na atupe miguu ya kutoka uani kwenda kuuliza. Amin.