Jembe la Siku ya Tatu

Paukwa!

Mbona kimya? Paukwa, jamani!

Pakawa! Ahaa. Najua mnachochekea. Mnacheka lile jembe.

Haya, na mimi nicheke. Mtu mzima, mvi zinaanza, nimelala Ujiji, nimelala Lamu, nimekula kwa watu mpaka Komoro. Leo asubuhi nimekuta jembe jipya mlangoni kwangu nikadhani ni zawadi. Nikalifuta vumbi. Nikalifunga kwa kamba kwenye begi. Nikatoka uani, nikamshukuru shemeji yangu Mwanahija mbele yenu nyote: "Shemeji, asante! Na zawadi juu! Nitalitundika ukutani." Naye akanitazama, akalitazama jembe, akaniuliza, "Shemeji, ulifika lini vile?"

Juzi. Yaani leo siku ya tatu. Loo!

Basi niacheni nimalize kahawa, na nikiimaliza nitakuwa nimemaliza hadithi. Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo zamani za kale nguchiro walikuwa na mfalme. Jina lake Mkia-Bendera, makao yake Jabali Kuu. Nguchiro mnawajua: wadogo, wembamba, wakisikia kitu husimama wima kwa miguu miwili kama askari wa gwaride. Siku hizo walilima karanga. Msiniulize jembe walilishikaje. Mimi mwenyewe leo sijui nitalishikaje.

Jabali likajaa. Baadhi yao wakavuka mto, chubwi, chubwi, chubwi, wakafika Ng'ambo. Wakakuta mashimo mazuri kwenye vichuguu, matupu, makavu. Wakaingia. Nani kayachimba? Hawakuuliza. Nyie likumbukeni hilo.

Wakalima, wakazaa. Lakini hawakumsahau mfalme. Kila asubuhi walisimama wima, wakageukia Jabali Kuu, wakaimba:

Damu yetu moja,
mkia wetu mmoja!

Na mfalme, upepo ukimletea wimbo, alisema, "Wanangu hao!" Kisha akaendelea na usingizi. Hakuwadai kitu, hakuwauliza kitu. Aliwasahau kidogo, na kusahauliwa kidogo na mkubwa ni raha, nyie.

Sasa, nyuma ya kilima kulikuwa na bonde. Udongo mweusi, laini, unanukia. Na upande wa pili wa bonde walikaa fungo, wenye mfalme wao. Fungo wanalitaka bonde. Nguchiro wa Ng'ambo wanalitaka bonde. Siku moja wakakutana kisimani. Huyu akasema, "Pisha." Yule akasema, "Pisha wewe." Pu! Pa! Vita.

Watu wa Ng'ambo wakapiga yowe: "Baba mfalme, tunauawa!"

Mfalme akaja. Nisimsingizie, alikuja. Alileta askari, kwata, kwata, kwata. Alifungua maghala yake. Wakapigana bondeni, wakapigana mtoni, wakapigana hata kwenye misitu ya mbali ambayo mtu wa Ng'ambo hajapata kuisikia. Vita vikala karanga, vikala na watu. Bi Kucha, mama mmoja wa Ng'ambo, alimpeleka mumewe vitani; kikarudi kibuyu chake cha maji.

Mwisho fungo wakakimbia. Vigelegele!

Bi Kucha akawakusanya wanawe. Shimo lao lilikuwa dogo, udongo wa kilimani umechoka, watoto hulala wamepandana kama dagaa kwenye fungu. Akawaambia, "Baba yenu harudi. Lakini bonde alilolifia tutalilima. Mtakula mshibe."

Hilo tu ndilo alilolitaka.

Huko Jabali Kuu mfalme akafungua ghala. Tupu. Akafungua la pili. Tupu, na mwangwi juu. Akasema, "Vita hivi nilipigana kwa ajili yao. Basi katika kila kikapu cha karanga cha Ng'ambo, konzi moja ni yangu. Tena bondeni mtu asitie mguu: akina Muhanga, wenyeji wa huko, wananung'unika, na mimi vita vingine sivitaki. Tena askari wangu watabaki Ng'ambo wawalinde. Walale kwenye mashimo ya watu."

Ukimsikiliza mfalme, ana maneno. Ghala tupu si mchezo. Lakini miaka yote kimya, halafu asubuhi moja amri juu ya amri!

Bi Kucha akapata mgeni, Koplo Sharubu. Aliingia shimoni yeye kwanza, tumbo likafuata baadaye.

"Mama, uji upo?"

"Upo, baba. Karibu."

Siku ya kwanza akampa uji na karanga. Watoto wakahamia mlangoni. Siku ya pili akampa uji, karanga zilikwisha. Siku ya tatu Koplo akaamka, akajinyoosha, akakuta jembe.

"Nini hiki?"

"Jembe, baba. Mgeni siku mbili."

"Mimi si mgeni! Mimi ni askari wa mfalme!"

"Kama si mgeni, basi ni mtu wa nyumbani. Na mtu wa nyumbani halimi?"

Koplo akalitupa jembe, kwangala! Majirani wakasikia. Kabla jua halijapanda, kila mlango wa Ng'ambo ulikuwa na jembe lake. Askari wakatimka mpaka kwa mfalme. "Bwana, wametutolea silaha!"

Maana huko Jabali Kuu walikuwa wameacha kulima siku nyingi. Desturi ya jembe wameisahau. Walichokiona ni chuma, na chuma kwao ni vita.

Mfalme akaja mwenyewe ukingoni mwa mto. Akaanza wimbo: "Damu yetu moja!"

Wa kuitikia hakuna. Mto tu, chururu, chururu.

"Nimewapigania!" akasema mfalme.

Bi Kucha akasimama wima. "Umetupigania, baba, hatukatai. Na sisi tumezika. Ungeniomba konzi ningekupa kikapu. Wewe umeniletea tumbo nililishe, bila hata hodi."

"Mtoto hapigiwi hodi na mzazi wake!"

"Mtoto akishakuwa mjane, baba, hodi inapigwa."

Hapo mfalme angecheka, mambo yangeisha. Nimeona ugomvi mkubwa ukifa kwa kicheko kimoja. Hakucheka. Na wao hawakucheka. Wakaja kupigana nguchiro kwa nguchiro, mkia kwa mkia, mpaka askari wa mwisho akavuka mto kurudi kwao. Sehemu hiyo siipendi, naipita mbio.

Kulipotulia, Bi Kucha akatia jembe begani, akawaongoza wanawe bondeni. Ng'ambo nzima nyuma yake, ngoma na vifijo. Akainua jembe. Kabla halijashuka, udongo ukatikisika. Ikatoka pua ndefu, yakafuata masikio, zikafuata kucha kama sururu. Muhanga.

Akawatazama. Akarudi shimoni. Akatoka na jembe, akaliweka taratibu miguuni pa Bi Kucha.

"La nini hili, Bwana Muhanga?"

"Babu zenu walikuja wakalala kwenye mashimo niliyochimba mimi. Nikanyamaza. Nikasema, wageni hao. Leo mmefika na bondeni."

"Sisi si wageni! Tumezaliwa hapa!"

"Koplo naye alisema si mgeni."

Bi Kucha akawatazama wanawe, njaa yao ilikuwa ileile. Akaweka chini jembe lake, akainama, akaokota la Muhanga.

"Tuanzie wapi, mwenyeji?"

"Kwangu."

Basi, wadogo kwa wakubwa, funzo ni hili: mkubwa akikupigania mshukuru, lakini naye ajue shukrani huombwa, haiamriwi. Na wewe unayelia umeonewa, lia, ni haki yako. Ila kwanza tazama shimo ulilolalia ni la nani.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu nitaishushia kahawa.

"Imeishia hapo kweli?" akauliza shemeji Mwanahija.

"Hapo hapo, shemeji. Kahawa nyingine ipo?"

"Ipo shambani."