Kwa Nini Utabiri wa Kaskazi Husema "Baadhi ya Maeneo"

Haya, kaeni vizuri, na wewe unayeitukana redio iache, haina kosa. Imesema kesho pwani ya kaskazini kutakuwa na jua kali, upepo wa wastani, na manyunyu katika baadhi ya maeneo. Mnauliza maeneo yepi? Hata huyo anayesoma hajui. Zamani yalijulikana, tena kwa jina la mwenye nyumba, na aliyetuharibia ni mtu mmoja tu, Lali mpiga mbiu, baba yake Mwanakheri.

Enzi hizo Mvua, Jua na Kaskazi walikuwa hawajahamia juu. Walikuwa wakazi wa mji wa Mwambarefu kama majirani wengine, na kila siku baada ya sala ya alasiri walikuja barazani kwa Lali kunywa kahawa. Jua alikuwa bwana mnene, hodari wa kujisifu. Kaskazi, upepo wa kiangazi, hakuweza kuweka neno tumboni hata umpe dawa. Mvua alikuwa bibi mwenye heshima zake, mpenda tangawizi, na alitandikiwa mkeka wake peke yake. Vikombe vilipokwisha, kila mmoja alimweleza Lali shughuli zake za kesho, naye alichukua baragumu akapita mitaani akitangaza.

"Kesho Mvua atapita mtaa wa juu baada ya adhuhuri! Bi Somoe, anua mpunga mapema! Wa mtaa wa chini, fueni nguo bila wasiwasi!"

Na ikawa vivyo hivyo, bila kukosea. Watu wakadeka. Mwambarefu nzima haikuwa na mwavuli, na mtu akionekana anatazama mawingu aliulizwa kama yeye ni mgeni.

Sasa Mwanakheri alikuwa ameposwa na Famau, kijana mpole aliyeshona kofia za vito, zile za kutarizi kwa sindano. Kwa desturi ya mji ule, mume ndiye anayehamia nyumbani kwa mke. Kwa hiyo mama yake Famau, Bi Shumi, alikuja kuikagua nyumba kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. Akakuta sufuria juu ya kitanda inakinga matone. Akaahirisha harusi. Lali akaliziba paa kwa viraka, Bi Shumi akarudi, akakuta sufuria imehamia miguuni mwa kitanda. Akaahirisha tena.

"Ijumaa hii," akasema, "nikiona tundu hata la sindano, mwanangu nampeleka kwingine. Siwezi kumwoza ndani ya chujio."

Mwanakheri aliyasikia hayo akiwa nyuma ya mlango, akalia mpaka kwikwi. Lali alimsikia binti yake, na moyo ukamuuma hasa. Hakuwa na mtoto mwingine.

Makuti mapya yalifika kutoka shamba Jumatano, ikabaki Alhamisi peke yake. Mwambarefu kazi ya kuezeka ilikuwa ya majirani wote: asubuhi wanaezua paa kuukuu lote, mchana wanapanga jipya, mwenye nyumba anawapikia pilau. Lakini nani angepanda juu ya paa siku ambayo baragumu limetangaza mvua?

Jumatano hiyo Mvua alipuliza kahawa yake, akanywa, akasema, "Kesho niko mtaa wako, baba. Nitaingia asubuhi, nitoke jioni. Mihogo ya Bi Somoe inanililia."

Lali akaweka kikombe chini. "Bibi, haiwezekani ukasogeza mpaka Jumamosi?"

"Kwani kuna nini?"

Hapo ndipo angesema. Angesema tu, mambo yangekwisha, maana Mvua alimpenda Mwanakheri tangu mchanga. Lakini Lali aliona haya. Utamwambiaje mgeni wako wa kila siku kwamba akija kwako huingia mpaka kitandani na kuwaharibia watu harusi? Si kumfukuza huko? Akajichekesha, akasema, "Hakuna kitu, Bibi. Nauliza tu." Kisha akatoka na baragumu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akatangaza uongo.

"Kesho jua kavu! Mji mzima! Anikeni mnavyotaka! Na kwangu kuna kuezeka, pilau ipo!"

Kaskazi hakusubiri hata amalize mtaa wa pili. Alikwenda mbio kwa Mvua. "Bibi, umetangazwa kuwa hupo!"

"Nani hayupo?"

"Wewe! Lali kasema mji mzima ni wa Jua."

Mvua aliutema uraibu wake wa tambuu. Machozi yalimlengalenga kwanza, halafu ndiyo hasira ikaja. "Kahawa tumekunywa pamoja miaka yote, leo mimi si mtu? Haya. Kesho atanitangaza vizuri."

Asubuhi ya Alhamisi mji ulianikwa wote: mpunga, magodoro, papa, hata kitabu cha shehe kilichoingia mende. Majirani wakaezua paa la Lali, wakacheka, wakaimba. Famau naye alikuwa juu akifunga makuti, na alifunga vizuri kwa sababu mkono wake ulizoea sindano. Chumba cha ndani kilikuwa kimekwisha ezekwa, kimoja tu, Bi Shumi alipofika na shangazi zake kukagua, bila kungoja Ijumaa. Na Mvua naye, aliyengoja makusudi mpaka kila kitu kianikwe, akafika.

Lo! Hakuja kwa manyunyu. Alikuja na ndugu zake wote. Pilau ikawa uji, papa wakaanza upya kuogelea, na kila aliyekuwa na miguu akakimbilia kwenye kile chumba kimoja chenye makuti. Waliingia waezekaji, shangazi, shehe na kitabu chake, na Bi Shumi akaingizwa wa mwisho, ameloa mpaka kwenye vikuku. Mwanakheri, bila kuambiwa, akamvua leso iliyolowa na kumfunga leso yake mpya ya harusi, akampa kahawa ya moto.

Bi Shumi alitazama juu. Alitazama kila kona, akitafuta. Nje Mvua alipiga kwa ngumi zote mbili, akageukia upande mwingine akapiga tena. Halikuanguka tone.

"Nani amelifunga hili paa?" akauliza.

"Mimi, mama," Famau akajibu, amebanwa kati ya shangazi wawili.

Bi Shumi akanywa kahawa. Kutoka hakutokeki, kukaa hakukaliki. Mwisho akasema, "Shehe, tutakaa tukitazamana hivi mpaka jioni? Waozeshe."

Na wakaozwa pale pale, watu wakiwa wamesimama kwa kukosa pa kukaa. Mvua alisikia vigelegele, akaduwaa. Amekuja kumwaibisha Lali, kumbe ndiye aliyewafungia waalikwa mlango wasikimbie!

Jioni mji mzima ulimjia Lali, kila mtu na godoro lake linatiririka. "Wewe si ulisema jua kavu?"

Lali alirudi nyuma hatua, akatazama kile chumba. "Pale ndani palilowa?"

"Hapakulowa."

"Basi! Pakavu palikuwepo. Katika baadhi ya maeneo."

Walimtupia magodoro. Lakini kilichomuuma Lali hakikuwa magodoro. Alasiri ya siku ya pili alitandika mkeka, akapika kahawa yenye tangawizi nyingi, akangoja. Mvua hakuja. Alikuwa amehamia juu, na Jua na Kaskazi wakamfuata kwa kuogopa nao watatangazwa wasivyo. Kahawa ikapoa kikombeni, naye Lali akaitazama, akalia kama alivyolia binti yake.

Na tangu siku hiyo Mvua hamwambii mtu aendako. Wapiga mbiu waliorithi kazi ya Lali, mpaka hawa wa redio, wanamchungulia kwa mbali tu na kusema huenda, inatarajiwa, baadhi ya maeneo. Na ndiyo maana huku kwetu, nyumba yenye harusi huweka kikombe cha kahawa ya tangawizi nje barazani, na mama mwenye harusi husema kwa sauti, bila haya, "Bibi, paa letu linavuja."

Redio imesema jua, eti? Mwenye nguo kambani akaanue.