Shoka Ambalo Atara Hakuliloweka

Wametusimulia waliotutangulia katika imani kwamba siku zile ambazo Israeli hawakuwa na mfalme, palikuwa na mjane mcha Mungu katika nchi ya milima ya Efraimu, jina lake Atara. Hakuwa nabii, wala mke wa mtu mkubwa. Jina lake halimo katika Maandiko pamoja na wale wanawake waliosimama mbele ya wafalme na majemadari. Lakini aliishi chini ya sheria ile ile, akamwomba Mungu yule yule, na alichokifanya langoni pa Shekemu kiliwafanya wazee wainamishe vichwa.

Atara alijaliwa mtoto mmoja tu, Elidadi, kijana wa miaka ishirini. Rafiki wa Elidadi tangu utotoni alikuwa Hanieli, mtoto wa jirani. Msimu mmoja wa kupura ngano vijana hao waligombania zamu ya ng'ombe wa kupuria, wakatoleana maneno makali mbele ya watu. Kesho yake walikuwa wakicheka pamoja kama kawaida yao. Lakini watu hukumbuka ugomvi kuliko kicheko.

Katika nyumba ile lilikuwamo shoka la marehemu mume wa Atara. Jua la kiangazi lilikuwa limeukausha mpini wake hata kichwa kikaanza kucheza. Kila mchanja kuni anaijua dawa ya jambo hilo: unalitia shoka majini usiku kucha, mti unavimba, chuma kinashika. Jioni moja Elidadi alimwomba mama yake aliloweke, maana asubuhi angekwenda msituni na Hanieli kukata miti. Mama akasahau. Alfajiri kijana akauliza kutoka uani, "Mama, shoka uliliweka majini?" Atara alikuwa amepiga magoti kwenye jiwe la kusagia, mgongo unamuuma, hakutaka kuinuka. Akajibu, "Tayari, mwanangu, lichukue."

Kijana angeushika mpini vizuri angejua kwamba ni mkavu. Lakini nani humkagua mama yake?

Huko msituni Elidadi alimpa Hanieli shoka lile, yeye akashika jingine. Hawakukata sana. Kichwa cha shoka kilichomoka mkononi mwa Hanieli kikampiga Elidadi shingoni, naye akakata roho akiwa amepakatwa na rafiki yake.

Sheria ya Bwana katika siku hizo ilikuwa hivi: damu ikimwagika, ndugu wa karibu wa marehemu alikuwa na haki ya kulipa kisasi. Hata hivyo, aliyeua pasipo kukusudia aliweza kukimbilia mji wa makimbilio, na wazee wakaamua shauri lake. Ikibainika kwamba alimchukia mwenzake, alitolewa nje auawe. Ikibainika ni ajali, aliishi ndani ya mji ule mpaka kuhani mkuu afariki, ndipo arudi kwao kwa amani. Basi Hanieli akakimbilia Shekemu, mmoja wa miji hiyo, na nyuma yake akakimbia Shemida, mdogo wa marehemu mume wa Atara. Shemida alikuwa mtu wa hasira, naye alimpenda Elidadi kama mwanawe wa kumzaa. Hanieli aliingia langoni mwa mji huku Shemida akiuona mgongo wake.

Wazee wakapanga siku ya shauri pale langoni, walipoketi kuamua. Atara alikaa siku saba, chakula hakishuki. Habari ya mpini aliijua yeye na Mungu wake tu. Akinyamaza, ataendelea kuitwa mama aliyefiwa, na watu watamheshimu kwa msiba wake, lakini Hanieli atakufa. Akisema, Hanieli atapona, na yeye ataitwa mama aliyemuua mwanawe. Tena Shemida ndiye aliyekuwa akimlimia shamba tangu afiwe na mume. Wasimulizi wanasema katika siku hizo saba aliomba ombi moja tu: "Ee Bwana, usiniache nisahau mara ya pili."

Siku ilipowadia walikwenda Shekemu kwa miguu. Njiani Shemida alimwambia, "Shemeji, huko kazi yako ni kulia tu. Maneno niachie mimi." Na jirani mmoja, mwanamke asiyeishiwa na mzaha hata msibani, akamnong'oneza kwamba wanaume wakiketi langoni hawasikii sauti ya mwanamke ila akipiga yowe, kwa hiyo bora alipige zuri.

Langoni Shemida alisimama akaeleza ule ugomvi wa ng'ombe, akaleta na watu waliousikia. Kisha akasema kwamba mpini wa shoka lile aliuchonga yeye kwa mkono wake na kumkabidhi kaka yake, na chuma hakichomoki katika mpini wake pasipo mkono wenye nia mbaya. Hanieli alipoulizwa alisema hajui ilikuwaje. Wazee wakaanza kutazamana.

Hapo Atara akasimama.

"Baba zangu, mpini ulikuwa umelegea," alisema. "Mwanangu aliniagiza niuloweke, nikasahau. Aliponiuliza, nikamwambia tayari. Yeye hakujua, na Hanieli hakujua. Mimi nilijua."

Shemida alimgeukia. "Kaa chini, shemeji. Uchungu umekuvuruga."

"Uchungu ninao, shemeji yangu. Haujanivuruga."

Mzee aliyeongoza shauri akamwambia, "Mama, jambo hili hakuna aliyekuuliza. Ungenyamaza ungerudi kwako na heshima yako. Kwa nini unajitia aibu kwa ajili ya mtu aliyemuua mwanao?"

Atara akajibu, "Baba, nilisema uongo mmoja, tena mdogo, wa kuniepusha kuinuka tu, nikamzika mwanangu. Nikinyamaza leo nitakuwa nimesema wa pili, na huu utamzika mtoto wa mwenzangu."

Wazee waliinamisha vichwa, na mmoja wao akavua viatu, kama mtu anayejikuta amesimama mahali patakatifu. Wakaamua kwamba ni ajali, Hanieli akae Shekemu mpaka kuhani mkuu afariki. Shemida aliondoka bila kumngoja shemeji yake, na tangu siku ile hakulima tena shamba la Atara.

Atara alirudi akakaa miaka kumi na mmoja. Alilima mwenyewe kwa jembe la mkono, sehemu aliyoiweza. Wako waliomwonyesha kidole kisimani, naye hakuwajibu. Kuni aliokota vijiti, kwa sababu shoka lile, lililokwisha kutiwa mpini wake tena, alilisimamisha pembeni mwa nyumba na hakuligusa.

Ndipo habari ikafika kutoka Shilo kwamba kuhani mkuu amefariki. Israeli wote wakamwombolezea. Atara pia aliomboleza, kisha akajaza mtungi maji, akalitia shoka ndani yake.

Siku ya tatu mtu mwenye ndevu alisimama nje ya ua wake, hathubutu kubisha. Atara alimtambua kwa jinsi alivyokuwa ameinamisha shingo. Akalitoa shoka mtungini, likiwa bado linadondosha maji, akamwendea.

"Hanieli, mwanangu, sina kuni. Shoka limelowa siku tatu. Lakini ukague mpini kwanza."

Hanieli alilipokea kwa mikono miwili. Hakuutikisa mpini kuupima.

"Umesema limelowa, mama," alisema. "Basi limelowa."

Akaenda nyuma ya nyumba akaanza kuchanja, na Atara akakaa kizingitini kusikiliza mapigo moja baada ya moja mpaka jua likawa juu. Kama Shemida naye aliyasikia kutoka shambani kwake, wasimulizi hawakutuambia.

Ndugu zangu, sisi hudhani ushujaa wa wanawake wa kale ulihitaji upanga au taji. Atara hakuwa na kimojawapo. Alikuwa na ukweli ambao hakuna aliyemdai, akautoa, nao ukamgharimu mkono wa shemeji na heshima ya kijiji. Mungu hakumrudishia Elidadi. Alimrudishia kuaminiwa, na kwa mja aliyewahi kusema uongo hiyo ni rehema kubwa mno. Atujalie nasi tuinuke kwenye jiwe la kusagia tunapoulizwa.