Mbeyu Aliyeitikiwa na Mwingine

Wa kwanza kuisimulia hadithi hii nyumbani kwetu alikuwa Bibi Mejumaa binti Shomari, dada wa babu yetu, mwaka ule wa kiangazi kirefu alipofiwa na mumewe akaja kukaa chumba cha uani. Aliisimulia jikoni, jioni, akichambua kunde kwenye ungo. Hakuanza mpaka kila aliyeketi aitike kwa mdomo wake. Mtoto akisinzia na mwenzake akamwitikia, Bibi aliweka ungo chini, akamwamsha aliyesinzia, akaanza upya. Tulidhani ni ukali wa uzee. Naitoa kama alivyoitoa.

Paukwa!

Pakawa!

Nani hajaitika?

Aitike mwenyewe.

Hapo zamani za kale, mito ilipokuwa bado na miguu, palikuwa na nchi iitwayo Sango. Udongo wake ulikuwa mweusi, ukidondosha mbegu asubuhi, jioni imeshachungulia. Lakini bonde lile lilikuwa na wenyewe wawili, watu na Mto. Sehemu kubwa ya mwaka Mto alilala kitandani pake chini ya mianzi. Masika yakikaribia alichoka kulala upande mmoja, akainuka, akapanda kijijini, akajinyoosha ndani ya nyumba za watu. Hakuwa na ubaya. Watu walimpisha, wakahamia kilima cha Kireti, na mvua zikikatika yeye alirudi kwake, nao wakarudi kwao. Mapatano yao yalikuwa haya: aliyetoka ametoka, aliyemo ni wa Mto.

Ndiyo maana kulikuwa na desturi ya mlangoni. Siku ya kuhama, mkubwa wa nyumba alisimama kizingitini na kaa la moto ndani ya kigae, akawaita watu wake mmoja mmoja. Kila aliyeitwa aliitika, "Nimetoka," kwa mdomo wake. Hata mgonjwa aliyebebwa mgongoni aliitika. Hata mtoto mchanga alifinywa kidogo alie, na kilio chake ndicho kilichokuwa jibu lake. Wakishaitika wote, mlango ulifungwa, kaa likatangulia njiani, na hakuna aliyegeuka nyuma.

Katika nyumba ya mwisho, karibu na mianzi, aliishi mjane aitwaye Sidi na binti zake wawili. Mkubwa alikuwa Nyamvua, mdogo alikuwa Mbeyu. Sura zao ziliachana, lakini sauti zao zilikuwa moja. Mama akiita Mbeyu, Nyamvua aliitika "Abee" kutoka nyuma ya nyumba, akatumwa maji, na mama hakugundua mpaka mtungi uliporudi juu ya kichwa kingine. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Sidi hakucheka. Aliwaambia, "Nyie watoto, sauti si kanga ya kuazimana."

Mbeyu alikuwa mzito wa kutoka. Ukimwita kula, anafunga mbuzi. Ukimwita kufunga mbuzi, ndiyo kwanza anakula. Mwaka ule Mto aliamka mapema, mianzi ikaanza kulalia upande, na Sidi akaapa kwamba Mbeyu akichelewa tena atachapwa mbele ya Kireti nzima.

Mbeyu hakuchelewa. Alikuwa nje kabla ya wote, mzigo wake kichwani. Ndipo alipokumbuka kitana cha dada yake. Kilikuwa cha mpingo, marehemu baba yao alikichonga, na Nyamvua alikichomeka kwenye makuti juu ya kitanda ili kisivunjike. Shangazi yetu hudai kilikuwa cha mfupa. Bibi Mejumaa alisema mpingo. Mbeyu alitua mzigo ukutani, akaingia kwa mlango wa jikoni, akapanda kitandani, akanyoosha mkono.

Huku mbele Sidi alisimama na kaa lake. Akaita, "Nyamvua."

"Nimetoka."

Akaita, "Mbeyu."

Mbeyu alisikia. Vidole vyake vilikuwa vimeshakigusa kitana. Akafungua mdomo aseme kwamba bado yumo, na kabla neno halijatoka akaisikia sauti yake mwenyewe ikisema kule nje, "Nimetoka."

Alishangaa, maana yeye hakuwa amesema kitu.

Nyamvua ndiye aliyesema, akijificha nyuma ya furushi la mikeka. Aliuona mzigo wa mdogo wake ukutani, akauona uso wa mama yake. Aliona fimbo, hakuona Mto. Alijua Mbeyu hutoka mbio akishachelewa, akadhani atawafikia njiani.

Mlango ukafungwa. Kaa likatangulia. Hakuna aliyegeuka nyuma.

Mbeyu alikimbilia mlango wa jikoni. Ulikuwa wazi. Alitia mguu nje, mguu ukatua ndani. Alitia tena, ukatua ndani. Alitia tena, ukatua ndani. Ndipo Mto alipoingia, polepole, akipapasa kuta kama mzee anayeingia msikitini gizani.

Mto akamzunguka, akamuuliza mbona yumo, na yeye amesikia kwamba ametoka. Mbeyu akasema hakutoka, aliyeitika ni dada yake.

"Basi hapa pana jambo," Mto akasema. "Aliyetoka siwezi kumchukua, na jibu lako nililisikia. Asiyetoka siwezi kumwachia njia, na wewe umesimama mbele yangu. Si wangu, si wao."

"Nifanye nini, mzee?"

"Kaa. Siku utakayoitwa mlangoni, ukaitika mwenyewe, kwa sauti yako, kabla mwingine hajakuitikia, utatoka. Mimi mwenyewe nitakupisha."

Kisha Mto akajinyoosha alale. Maji yakampita Mbeyu magotini, kifuani, juu ya kichwa. Hayakumlowesha. Hapo ndipo alipoanza kuogopa.

Alikaa na Mto masika yote, na Mto alikuwa amelala. Maji yalipotoka, wa kwanza kuingia alikuwa Fungo, ambaye huzikagua nyumba kabla wenyewe hawajarudi. Mbeyu akamsalimu. Fungo akaruka, akanusa huku, akanusa kule.

"Nasikia mtu, sinusi mtu," akasema. "Ama pua yangu imeharibika, ama wewe huna adabu ya kunuka."

Kutoka chini ya kinu sauti nzito ikasema, "Pua yako ilikwisha zamani kwa kujinusa mwenyewe." Alikuwa Kobe. Yeye hakuhama na watu wala hakukimbia maji, alijifungia ndani ya gamba lake na kungoja.

Fungo akachukua dagaa aliyeachwa na maji dirishani, akaenda zake akisema nyumba yenye sauti isiyo na mwenyewe haifai hata kwa wizi. Kobe alibaki. Alimtazama Mbeyu kwa muda, akarudisha kichwa ndani. Kobe ni mtu wa kuulizwa. Usipomuuliza, hasemi.

Watu wakarudi. Mbeyu alisimama nyuma ya mlango, kitana mkononi, mdomo tayari. Sidi alisimama kizingitini kuwaita wake waingie. Akamwita Nyamvua, Nyamvua akaitika kwamba ameingia. Halafu Sidi akanyamaza. Siku ile ya kuhama, alipomkosa Mbeyu kilimani, alikuwa amerudi mbio, akaikuta nyumba imejaa maji mpaka darini, akaweka matanga. Na watu wa Sango hawamwiti maiti mlangoni. Akapita, machozi yakimtoka, akapita kando kabisa ya Mbeyu, na upepo wa nguo yake ukampiga usoni.

Mbeyu akaita mama. Sidi akasikia majivu yakishuka jikoni.

Tangu hapo Mbeyu akawa mtu wa pembeni mwa moto. Majivu hayakushika unyayo wake. Chakula hakula, mvuke ulimtosha. Hakukua. Alichokishika hakikuonekana tena mpaka akiachie, kwa hiyo Nyamvua akakitafuta kitana nyumba nzima asikipate. Nyamvua akilala, Mbeyu alimchana. Asubuhi Nyamvua aliamka na nywele zimegawanywa katikati, akakaa ameshika kichwa, asiseme kitu. Hakuwahi kumwambia mama yake nani aliyeitika. Alinyamaza siku ya kwanza kwa hofu, ya pili kwa aibu, na baada ya hapo kimya kikawa ndicho kinachomfunga mdomo.

Lakini jioni, mama akiwa kisimani, Nyamvua alikaa kizingitini akichambua mboga, akaita taratibu, "Mbeyu."

Mbeyu alikuja mbio. Hapo ni mlangoni, na jina ni lake. Akafungua mdomo, na kabla hajatamka, Nyamvua akajiitikia mwenyewe kwa ile sauti yao moja, "Abee, dada."

Hiyo ilikuwa faraja yake. Jioni ya pili aliita, na Mbeyu akawa tayari zaidi, na Nyamvua akamwahi. Jioni ya tatu Mbeyu alikaa mdomo wazi kabla ya kuitwa, na Nyamvua akamwahi. Aliyezoea kumwitikia mtu ni mwepesi kuliko mwenye jina.

Ikawa hivyo jioni baada ya jioni, msimu baada ya msimu. Sidi alikufa. Nyamvua aliolewa, mumewe akahamia pale, akazaa binti aitwaye Kwekwe, akawa mjane kama mama yake. Wajukuu walimcheka bibi anayejiita na kujiitikia. Sauti yake ikakauka, ikapata kikwaruzo katikati, nayo bado ilisema, "Abee, dada." Mbeyu aliisikiliza kila jioni, maana hakukuwa na mtu mwingine aliyesema kwa ajili yake.

Katika misimu hiyo nyumba nyingine za Sango nazo zilipata wa kwao. Mume alimwitikia mke aliyegoma kuhama. Mama alimwitikia kijana aliyelala fofofo. Aliyeitikiwa na mwingine alibaki, na baadaye, siri ilipojulikana, watu wakawaita visalio. Hiyo ndiyo asili yao, hawakutoka kuzimu wala hawakushuka mwezini. Kila kisalio yumo katika nyumba yake na hawezi kuvuka kizingiti chake. Wakati mwingine, watu wakiwa shambani, Mbeyu alisikia nyumba ya tatu mtu akiimba. Alimwita. Huko kukanyamaza, kisha kukaimba tena.

Siku moja Nyamvua, sasa kikongwe, alijikwaa kwa Kobe jikoni. Akakaa chini akisugua kidole, akamuuliza kwa hasira, "Wewe Kobe, sisi wote tunakimbia nyumba hii, mbona wewe huiachi? Unamkalia nani?"

Kobe akatoa kichwa. Alikuwa ameulizwa. "Namkalia mdogo wako," akasema. "Hajafa. Kila ukimwita yuko hapo, na kila akitaka kuitika unamziba mdomo kwa mdomo wako. Mwite mlangoni, kisha unyamaze."

Nyamvua hakulia. Aliuliza Mto anafika lini. Kobe akasema kesho.

Kesho yake Nyamvua ndiye aliyesimama kizingitini na kaa ndani ya kigae. Akamwita Kwekwe, Kwekwe akatoka. Akawaita wajukuu, wakatoka. Mianzi ilikuwa imeshalala, Mto anapanda. Kisha, mbele ya wote, akaita, "Mbeyu." Na ili asijiitikie kwa mazoea, akaikunja ncha ya kanga yake, akaitia mdomoni, akaiuma.

Mbeyu alikuwa nyuma ya mlango. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, jina lake liliitwa na pakawa kimya. Kimya kile kilikuwa chake. Akavuta pumzi, akaitika, "Nimetoka."

Ikatoka sauti ya kikongwe. Kavu, na kikwaruzo katikati.

Wajukuu wakacheka. Kwekwe akamshika mama yake mkono, akasema, "Mama, umejiitikia tena. Twende."

Mto alikuwa ameshafika kizingitini. Mbeyu alitia mguu nje, mguu ukatua ndani.

"Nimeitika mwenyewe," Mbeyu akamwambia.

"Umeitika," Mto akasema, kwa upole. "Lakini hiyo si sauti yako, ni ya dada yako. Yako iko wapi?"

Mbeyu aliitafuta. Akaitafuta kooni, akaitafuta kifuani, akaitafuta huko nyuma kwenye mtungi na kicheko. Hakuikuta. Alikuwa amejifunza kuitika kutoka kwa mtu aliyemwitikia, na mtu huyo alikuwa amezeeka.

Huko nje Nyamvua alikuwa bado ameiuma kanga. Yeye peke yake alijua kwamba hakusema kitu. Mbeyu akaona macho yake yakitafuta ndani ya nyumba, kushoto, kulia, yakimpita. Basi akainama, akakiweka kitana juu ya kizingiti, akakiachia. Nyamvua akakiona. Akakiokota, akakichomeka kwenye mvi zake, akaweka lile kaa la moto pale pale kilipokuwa kitana. Hakufunga mlango. Wakamvuta mkono, akaenda, na akawa mtu wa kwanza wa Sango kwenda Kireti akitazama nyuma.

Aliporudi baada ya mvua hakujiitikia tena. Jioni alikaa kizingitini, akaita, "Mbeyu," kisha akauma kanga. Kutoka ndani sauti ya kikongwe ikasema, "Abee, dada." Wajukuu wakasema bibi anajisemesha. Alicheka peke yake, na ndani kuna aliyecheka.

Hadithi yangu imefika kizingitini, naitua hapo. Bibi Mejumaa ametangulia mbele ya haki, na kati yetu tuliomsikiliza tumebaki mimi na Shangazi. Sidi alikufa. Fungo alikufa kwenye mtego wa banda la kuku. Kwekwe alikufa, na wanawe walijenga kwingine. Kobe yu hai. Nyamvua alikufa huko Kireti, msimu wa masika, akazikwa na kitana chake. Mbeyu yu hai, kwa sauti ile ile ya kikongwe, na wapitao karibu na mianzi jioni humsikia akisema, "Abee." Aliyekuwa akiita hayupo. Anayeitika yupo.